Kitufe cha shangazi

Shangazi yangu alikuwa akiuza samaki pale Feri, Mtwara mjini, na mwaka 2019 nilimtengenezea kidude cha kulinda boksi lake la barafu. Joto likizidi nyuzi 4, kinalia. Kina kitufe kimoja tu: bonyeza kuwasha, kandamiza sekunde 3 kuzima.

Wiki ya pili akanipigia. "Mwanangu, kitu chako kinaamka chenyewe usiku. Asubuhi betri imekwisha."

Sikumwamini, na hilo linaniuma mpaka leo. Nilidhani anaachia kitufe mapema. Nikaandika programu upya, nikampelekea, hali ikawa ileile. Basi nikaenda kulala kwake Mikindani, kidude kimezimwa, kiko mezani mbele yangu. Mchana kutwa kimya. Saa nne usiku, shuka zimeshaanza kushika unyevu wa bahari, taa ya kijani ikawaka. Hakuna aliyekigusa.

Umeme wa kidude kile hupita kwenye transista, swichi ya kielektroniki inayoendeshwa na mguu wake uitwao geti. Rezista, yaani kizuizi cha umeme, ya omu milioni 1 huvuta volti za geti juu ili transista isipitishe umeme; ukibonyeza kitufe geti linashuka, umeme unapita, na maikrokontrola, kompyuta ndogo ya kidude, ikishaamka inalishikilia geti lisipande tena. Nikachomoa kwanza waya wa maikrokontrola, nisije nikapima kazi yake, kisha nikaweka mita. Betri ilikuwa na volti 4. Geti lilitakiwa kusoma kama 3.6, maana mita nayo hunyonya kidogo. Likasoma 1.9.

Nikamulika kitufe kwa tochi ya simu. Kati ya miguu yake palikuwa na ukoko mweupe, umelowa, unang'aa. Maji ya samaki! Shangazi hubonyeza na vidole vilivyotoka kwenye beseni. Mchana ukoko hukauka na chumvi kavu haipitishi umeme. Usiku hunyonya unyevu hewani, kama chumvi ya jikoni inavyoloa kwenye kopo wakati wa masika, na umeme ukapata njia ya kupenya na kulishusha geti.

Rezista kubwa kama ile huvuta geti kinyonge, na omu milioni 1 niliichagua mwenyewe nikidhani nabana betri. Ubahili wa bure: kidude kikiwa kimezimwa na kitufe ni kikavu, rezista ile haipitishi kitu, iwe kubwa au ndogo.

Nikasugua bodi kwa mswaki na spiriti, nikaianika juani, nikalehemu rezista ya omu 10,000, nikapaka vanishi, kisha nikafunika kitufe kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

"Shangazi, nisamehe. Ulisema kweli."

"Si nilikwambia? Haya, kanawe ule."

Usiku ule nilikaa tena mezani. Saa nne ikapita, saa sita ikapita, shuka zikalowa kama jana yake. Taa haikuwaka.