Mpera wetu na tumbo la wiki ya 28

Jamani mwenzenu nimefika wiki ya 28, sasa hivi hata kuinama kufunga kiatu ni mtihani, lakini kuchuma mapera nyuma ya nyumba siachi, yaani asubuhi hata uso sijanawa nishatoka na bakuli langu. Baba watoto ananicheka eti huyu mtoto atazaliwa ananukia pera. Acheke tu, si yeye anayemeza vidonge vya madini ya chuma kila siku, vile vinavyofanya choo kiwe kigumu balaa, mimi pera ndo limeniokoa, lina nyuzinyuzi halafu vitamini C kibao kuliko hata chungwa, na hiyo vitamini C inasaidia mwili ufyonze chuma vizuri. Chai na kahawa ndo zinazuia, kwahiyo nimezisogeza mbali na muda wa vidonge (hapo nilinung'unika kweli).

Papai tunalo pia ila nangoja liive kabisa, bichi lina utomvu, nesi alinikataza. Na kila tunda naliosha kwa maji yanayotiririka maana paka wa jirani kageuza bustani yetu choo, na kinyesi cha paka kinaweza kuwa na vimelea hatari kwa mimba. Kupalilia nimemwachia mume.

Binti yangu wa miaka 4 wiki iliyopita kaficha pera chini ya mto wake, eti la mdogo wake akizaliwa. Nimelikuta leo limeoza, shuka lote limechafuka, nikabaki nacheka huku machozi yananitoka.