Shuu za breki za zamani msizitupe jamani

Wenye pikipiki za zamani hapa Tabora mtanielewa. Injini ya Honda XL125S haisumbui sana, ringi na vavu utahangaika ila mwisho utapata, kasheshe iko kwenye breki. Hii ya mzee wangu ni zile walizokuwa nazo mabwana shamba wa tumbaku, breki za dramu mbele na nyuma, yaani shuu zinatanuka na kukaba ndani ya bakuli la gurudumu, sasa ukiingia dukani unapewa shuu ya mchina na kauli ya "chukua bosi, inaingia hiyo". Kuingia sawa, maana kipenyo kinaweza kufanana kabisa, ila upana tofauti, tundu la pini limelegea, na pale kamu, kile kichuma kinachotanua shuu, inaposukumia hapakai sawa, matokeo yake shuu inashika upande mmoja tu we unadhani breki ipo kumbe nusu.

Ndo maana mi siku hizi nachukua shuu yake yenyewe naivisha lainingi mpya, yaani ule utando unaosugua dramu. Kuna mzee ana kibanda huku Ng'ambo, anakata lainingi ya gari, anaipunguza, anaikunja ifuate shuu. Gundi hataki, anasema gundi ya kazi hii inataka ibanwe kwa nguvu na moto wa oveni, we oveni utaitoa wapi, kwa hiyo anatoboa na kupiga ribiti za shaba. Hapo simama uangalie kwa macho yako, vichwa vya ribiti vizame ndani ya lainingi, vikibaki juu vinachimba dramu mpaka inakuwa na mistari kama sahani ya santuri. Na akileta misumari mwambie aache tu. Halafu msasa unabandikwa ndani ya dramu, shuu inazungushwa humo mpaka iguse kote, ncha za mwanzo zinalazwa kidogo kwa tupa, bila hivyo inapiga kelele na kukaba ghafla.

Lile vumbi jeusi la humo msilipulize kwa kompresa wala mdomo, lainingi za zamani nyingi zina asbesto na inaharibu mapafu, lowesha maji ufute na kitambaa ukitupe.

Pima na dramu pia, yenye kipenyo cha ndani cha milimita 110 ikishafika 111 imekufa hiyo, hata uvishe lainingi ya dhahabu. Na mwenye shuu kuukuu za XL au Yamaha AG100 asiwape watu wa skrepa, mi nanunua hata zikiwa zimeisha kabisa.