Mjomba na Karatasi ya Masomo

Matokeo ya kidato cha nne ya 2012 yalitangazwa Februari 2013, na siku ile shuleni kwetu hakuna mwalimu aliyeingia kufundisha. Walikuwa ofisini, wamesogea dirishani palipokuwa na mtandao, wanasoma majina kwenye simu mmoja baada ya mwingine. Sisi wa kidato cha tatu tulikaa darasani tukisikia sauti zao kupitia ukuta. Nchi nzima zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata divisheni sifuri, yaani wamefeli. Kwetu, shule ya kata nje kidogo ya mji wa Newala, mambo yalikuwa mabaya zaidi. Yaliyosomwa yalikuwa majina ya watu tuliowajua: kiranja wetu wa mwaka uliopita, binti wa jirani, kijana aliyekuwa akitupigia ngoma siku za mahafali. Mwezi Mei serikali iliyafuta matokeo yale na kuagiza yapangwe upya, lakini Februari hilo hatukulijua, na hofu iliyotuingia haikungoja Mei.

Siku chache baadaye mwalimu wa taaluma alikuja na karatasi za kuchagua masomo.

Kwa wasiosoma zama zetu, mambo yalikuwa hivi. Masomo saba yalikuwa ya lazima kwa kila mtu: Uraia, Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Baiolojia na Hisabati. Kidato cha kwanza na cha pili unasoma karibu kila kitu, ukifika cha tatu unachagua. Ukitaka sayansi unabaki na Fizikia na Kemia. Usipotaka, unaziacha, unashika Biashara au Elimu ya Dini kama ina mwalimu, au unabaki na saba zako. Karatasi ilikuwa na nafasi ya kuweka vema, na chini yake mstari wa sahihi ya mzazi.

Mwalimu wa taaluma hakutugawia kwanza. Alichukua chaki akatuandikia hesabu. A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Yanahesabiwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi. Ukipata F zote saba una pointi 35, ukipata D moja tu una 34, na yote hayo ni sifuri. Ila ukipata D mbili una pointi 33, na 33 ni divisheni ya nne, daraja la mwisho la kufaulu. Akaizungushia ile 33 duara.

"Hapa hatutafuti mainjinia," alisema. "Tunatafuta D mbili. Kiswahili na Uraia. Kila mtoto wa shule hii anaweza kupata D ya Kiswahili na D ya Uraia, akiacha kuhangaika na yasiyomhusu."

Hakusema kwa ubaya, na mpaka leo simlaumu. Alikuwa anafundisha Jiografia, Uraia na nusu ya Hisabati za shule nzima, na wiki ile alikuwa ameitwa wilayani kueleza yale matokeo. (Hata ile hesabu yenyewe haikuja kututumikia. Sisi tulifanya mtihani Novemba 2014, na matokeo yetu yakatoka kwa GPA, yaani wastani wa alama, badala ya divisheni. Divisheni zilirudishwa mapema 2016.) Lakini siku ile, darasani, nilimwona rafiki yangu niliyekaa naye dawati moja anafuta Fizikia na Kemia hata kabla karatasi haijafika vizuri mezani. Na yeye ndiye aliyekuwa akinisahihisha mimi hesabu.

Mimi sikuweka alama yoyote. Niliikunja karatasi nikaitia kwenye daftari.

Nilikuwa na sababu. Mwaka uliotangulia tulikuwa na mwalimu wa kujitolea wa Fizikia, dada aliyemaliza kidato cha sita akawa anasubiri chuo. Alikuja Machi, akaondoka mwanzoni mwa Oktoba kwenda Chuo Kikuu cha Dodoma. Dada yule alitufundisha mgandamizo wa maji kwa chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu matatu, la juu, la kati na la chini. Aliijaza maji akaishika juu ya beseni, na sote tukaona kwa macho yetu kwamba tundu la chini ndilo linalorusha maji mbali zaidi, kwa sababu lina maji mengi juu yake yanayolisukuma. Wanaoijua Newala wataelewa kwa nini kulikuwa na beseni. Sisi tunaishi juu ya uwanda wa Makonde, maji yanasukumwa kutoka bondeni, na yasipofika unategemea ya mvua au unanunua kwa ndoo. Somo lilipokwisha, yale maji yaliyodakwa yalirudi ndooni. Yeye alielewa kwamba hata jaribio la fizikia linapaswa kuheshimu maji ya watu, na nadhani ndiyo maana tulimsikiliza.

Alipoondoka, Fizikia iliondoka naye. Mtihani wa kidato cha pili tuliufanya kwa madaftari aliyotuachia.

Nyumbani mama aliiangalia ile karatasi akaniambia nimsubiri mjomba. Kwa Wamakonde, kama kwa Wamwera na Wayao, mtoto ni wa ukoo wa mama, na kwenye mambo kama shule, unyago na ndoa, neno la mjomba ndilo linalongojewa. Isitoshe ndiye aliyekuwa akinilipia ada, shilingi 20,000 kwa mwaka kwa shule ya kutwa. Zinaonekana ndogo sasa. Mwaka ule malipo ya pili ya korosho yalikuwa hayajafika, na nyumba nyingi za kwetu zilikuwa zinadaiwa dukani.

Mjomba alikuja Jumamosi kwa baiskeli kutoka kijijini. Hakuwahi kukaa kwenye darasa la sekondari, alimaliza la saba. Alinitaka nimsomee kila neno, na nilipomaliza akaniuliza kitu ambacho mwalimu hakuwa ameniuliza.

"Wewe unataka lipi?"

"Fizikia, mjomba. Lakini wanasema ni ngumu, tutapata sifuri."

Alinyamaza kidogo. Miezi miwili nyuma, Desemba 2012, watu walikuwa wameandamana Mtwara mjini kupinga gesi isipelekwe Dar es Salaam kwa bomba, na Januari zikafuata vurugu. Kila kijiwe kuanzia Mikindani hadi Masasi kilikuwa kinazungumza gesi. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, mimi sijazaliwa, na mjomba alikuwa kijana. Alikuwa ameisikia ikiahidiwa umri wake wote wa utu uzima.

"Tunapiga kelele gesi ibaki," alisema. "Haya, ikibaki, ataishika nani? Watoto wetu wote wamefutiwa hayo masomo." Kisha akamwambia mama, "Dada, Jumatatu nakwenda shuleni."

Jumatatu alivaa koti lake la sherehe na kofia, tukaondoka alfajiri mimi nikitembea na yeye akikokota baiskeli kando yangu. Mwalimu wa taaluma alimpa shikamoo, akamvutia kiti. Mimi nilisimama mlangoni, na nilitamani ardhi ipasuke, maana wazazi wa kwetu walikuwa hawaji shuleni ila mtoto akifanya kosa.

Mjomba aliomba aonyeshwe ile hesabu ya pointi. Mwalimu akamwandikia nyuma ya karatasi, kwa upole, hatua kwa hatua. Mjomba akaifuata kwa kidole.

"Mwalimu, nieleze hapa. Korosho zikienda ghalani, mbovu zikizidi kwenye gunia zinashusha daraja, gunia zima linalipwa bei ya chini. Huyu akipata F ya Fizikia, inashusha hizi nyingine?"

Mwalimu alitulia. "Hapana, mzee. Yanachukuliwa saba bora. Akiwa na tisa, mawili mabaya yanaachwa."

"Kwa hiyo haimshushi."

"Haimshushi pointi. Inamlia muda. Muda wa kusoma Fizikia asiyoielewa angesomea Historia akapata C."

Hoja hiyo ilikuwa nzito, na mjomba aliikubali kwa kichwa. Nimeifikiria mara nyingi tangu siku ile. Ukimpa mtoto masomo tisa na walimu wa sita, umemgawia muda wake vipande vipande, na wanaosema watoto wa vijijini wasome sayansi bila kutazama ratiba ya shule za vijijini hawawasaidii watoto hao. Ila mwalimu alipoendelea kusema Fizikia ni ngumu kwa watoto wa huku, mjomba alimkatiza kwa adabu.

"Kemia je? Nayo ni ngumu?"

"Kemia wanajitahidi. Mwalimu wa Baiolojia anaifundisha."

"Na Historia?"

"Historia ina walimu wawili."

"Kiswahili?"

"Watatu."

"Na hii Fizikia?"

Mwalimu alitazama dirishani, kisha akajibu kwamba hayupo tangu Oktoba, na kwamba kila ajira mpya inapotoka wanaomba.

"Basi mwalimu," mjomba alisema, "mimi sijasoma, unisamehe. Lakini naona hili somo halina ugumu ulioniambia. Halina mtu. Mtoto mmoja akikosa chakula hatusemi tumbo lake ni gumu. Tukilitafutia mtu, mtalikataa?"

Mkuu wa shule aliitwa. Waliongea muda mrefu, na mimi nikarudishwa darasani, kwa hiyo mengine niliyapata njiani wakati wa kurudi. Shule haikuwa na fungu la kumlipa mtu wa kujitolea. Haikuwa na maabara. Kulikuwa na chumba chenye kabati moja la vifaa na mlango usiofungika. Lakini mkuu alikubali mambo mawili: tutapewa darasa baada ya saa za masomo, na majina yetu hayatafutwa kwenye orodha ya Fizikia wazazi wakileta mtu mwenye cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu wa somo hilo.

Mtihani wa kidato cha sita siku zile ulikuwa ukifanyika Februari. Mjomba alijua, kwa kuuliza sokoni, kwamba kuna kijana wa mtaa wa pili aliyesoma PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) bweni na ndiyo kwanza anarudi nyumbani. Alimwendea jioni ileile, koti lake la sherehe likiwa bado mwilini. Kisha akazunguka kwa wazazi wa darasa letu. Wengi walikataa, na sikuwaona wabaya, kwani shilingi elfu tano kwa mwezi ilikuwa mafuta ya taa na chumvi na sabuni. Walikubali sita. Mama wa rafiki yangu wa dawati moja alikuwa tayari, lakini rafiki yangu mwenyewe alikataa. Alisema amechoka kuogopa, anataka masomo ambayo akilala usiku analala. Alisoma sanaa, akaisoma kwa bidii kweli, akaenda kidato cha tano kwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), na leo ni mwalimu wa Kiswahili Lindi. Alichagua akiijua nafsi yake. Wanaoniuma ni wale waliofuta kwa sababu ya ile 33 ubaoni, wakiwa hawajaulizwa kitu.

Kipindi cha kwanza kilikuwa na wanafunzi sita, na mjomba amekaa nyuma kabisa ahakikishe pesa haipotei. Kijana alifunga jiwe kwenye kamba ya katani ya mita moja, akaining'iniza kwenye papi la dari, akamwomba mjomba amshikie muda kwa simu. Tukahesabu kwa sauti mabembeo 20. Mjomba akasema sekunde 40 na kitu. Kijana akatuonyesha ubaoni jinsi ya kutoka kwenye urefu wa kamba na zile sekunde hadi kupata mvutano wa dunia, karibu 10, namba ileile iliyomo kitabuni. Mjomba akaomba irudiwe kwa jiwe kubwa zaidi, akiamini litakwenda haraka. Ikatoka sekunde zilezile. Alisimama akalipima jiwe mkononi, akauliza kwa nini, na hakuondoka mpaka alipojibiwa.

Kijana alikaa nasi hadi alipoitwa chuo, akamwachia mwenzake. Mitihani ya vitendo tulikwenda kuifanyia mazoezi shule nyingine, kwa miguu. Fizikia nilipata C, Kemia pia, na nikaenda kidato cha tano kwa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia).

Mwanzoni mwa 2014, zamu ya waliotufuata ilipofika, mwalimu wa taaluma alinitoa darasani akanipeleka mbele yao. Hakuandika hesabu ya pointi. Aliniambia niwaeleze Fizikia tunaisoma vipi. Niliwaambia gharama yake ilivyo: elfu tano kila mwezi kwa mzazi, kubaki shuleni hadi jua linapozama, Jumamosi mnakuja, na Ijumaa ya majaribio kila mtu anakuja na ndoo yake ya maji kutoka nyumbani. Msichana mmoja wa mbele akauliza kama maji ya mvua yanafaa. Nikamwambia yanafaa.