Maji ya Bamvua Saltwick Bay

Dhoruba ya kaskazini mashariki ilipotulia, mimi na mpwa wangu, aliyekuwa ametoka Mombasa kuja kusoma, tulishuka Saltwick Bay, jirani na mji wa Whitby katika pwani ya Yorkshire, Uingereza. Ilikuwa Februari, na kwa mwokota amonaiti, yaani makombe ya wanyama wa bahari ya kale yaliyogeuka mawe, hakuna msimu bora kuliko huo. Wakati wa kiangazi mchanga hufunika mawe. Majira ya baridi mawimbi huukomba mchanga, huyaosha matope yaliyoporomoka kutoka jabalini, na kuyaacha madonge magumu yametapakaa ufukweni.

Nilikuwa nimechagua siku ya bamvua. Pale, siku za bamvua, bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 4, kwa hiyo maji yakitoka huacha wazi eneo kubwa ambalo siku za maji mafu halionekani kabisa. Tulishuka maji yakiwa bado yanatoka, tukiwa tumekubaliana kwamba yakianza kujaa tu tunapanda, hata kama mkono uko juu ya jiwe zuri. Anayechelewa kati ya Whitby na Saltwick hubanwa baina ya maji na jabali, na hana pa kukwea. Kijana wa Pwani hakuhitaji kufundishwa habari za bamvua. Nilichomfundisha ni jabali. Maji ya mvua huingia kwenye nyufa zake, huganda usiku na kupanuka, na barafu inapoyeyuka vipande huachia bila kupiga hodi. Kofia ngumu husaidia kwa kokoto tu, haisaidii kwa bamba la mwamba. Kwa hiyo tulitembea mbali na mguu wa jabali, na hata chai tulinywea kwenye mawe ya upande wa bahari.

Mwamba wenyewe ni tope la bahari ya enzi ya Jurasiki, lenye umri wa miaka milioni 180 hivi. Zamani ulichimbwa na kuchomwa ili kutoa shabu, ile inayosaidia rangi kushika kwenye nguo. Amonaiti walikuwa jamaa wa pweza na ngisi, wenye kombe lililojiviringa na kugawanyika vyumba vingi. Mnyama mwenyewe alikaa katika chumba cha mwisho, kilicho kikubwa kuliko vyote. Waliozikwa katika tope la kawaida walibanwa na uzito wa matabaka ya juu mpaka wakawa bapa kama karatasi. Unawaona kila mahali pale, lakini ukiwagusa wanamomonyoka. Waliosalimika ni wale ambao kuoza kwao kulibadilisha kemia ya tope lililowazunguka, chokaa ikaganda ikawa donge gumu kabla tope halijagandamizwa. Ndiyo maana sisi hatutafuti amonaiti. Tunatafuta madonge.

Donge zuri ni la kijivu, laini, zito kuliko vipande vya mwamba vilivyo kando yake, na limebonyea juu na chini kama mkate wa mofa. Donge la duara kamili mara nyingi ni tupu. Alama ya uhakika iko ukingoni, mahali ambapo mgongo wa kombe huchungulia kwa mstari mwembamba wa mbavu zilizopangana. Ili kuuona, liloweshe donge kisha ulizungushe polepole kwenye mwanga wa jua la chini.

"Mjomba, mbona hili unaliacha?" mpwa wangu aliniuliza, ameshika jiwe kubwa kuliko kichwa chake.

"Lizungushe uone ukingo wake. Hauna kitu."

Alilizungusha, akaliweka chini, na kutoka hapo akawa anaokota madogo ya maana.

Kulipasua donge ni kazi ya ukingo tu. Uso wa kombe ndio udhaifu wa jiwe. Ufa ukianzia ukingoni hufuata uso huo na kuliachia kombe. Ukipiga katikati, unavunja mviringo wenyewe. Tulilisimamisha donge la kwanza kwa ukingo juu ya mwamba mgumu, kwani mchanga humeza nguvu ya pigo, tukalibana kwa viatu. Nyundo ilikuwa ya kilo 1 na nusu, na mapigo ya wastani, donge likizungushwa kidogo baada ya kila pigo. Nyundo ya seremala haifai: uso wake umekazwa sana, unaweza kumeguka na kurusha kibanzi cha chuma. Miwani ya kinga haivuliwi, na anayetazama naye huvaa. Sauti ilipobadilika, kutoka mlio mkali hadi mzito, nilijua ufa umeingia. Tindo moja nyembamba, pigo jepesi, likafunguka.

Ndani yake mlikuwa na Dactylioceras, aina moja ya amonaiti, wa sentimita 7 hivi, mbavu zake nyembamba zimesongamana, nyingi zikigawanyika mbili karibu na mgongo. Vyumba vya ndani vilikuwa vimejaa kalisaiti nyeupe, madini ya chokaa, chumba cha mwisho kimejaa tope. Lakini mshipa wa kalisaiti ulikuwa umelikata jiwe zima, na kombe likaachana vipande vitatu kwenye mshipa huo. Hilo hutokea, na halina hasara kubwa ukiokota kila kitu. Tulichora mistari ya kalamu ikivuka kila kiungo, tukakusanya hata vibanzi vya ukubwa wa punje ya mchele, tukachukua na nusu ya pili ya donge, kwa sababu mara nyingi ngozi ya kombe hubaki huko. Kila kitu kilifungwa kwa gazeti, mfuko mmoja kwa donge moja. Kugundisha ufukweni ni kuharibu. Chumvi na maji haviruhusu gundi ishike.

Mpwa wangu ndiye aliyepata Hildoceras, aina nyingine ya amonaiti, mwenye mfereji unaozunguka ubavuni na mbavu zilizopinda kama mundu. Jina hilo linatokana na Mtakatifu Hilda, aliyeanzisha abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Whitby mwaka 657. Wenyeji walisimulia kwamba aliwageuza nyoka kuwa mawe, na wachongaji wa mji wakawa wanachonga vichwa vya nyoka kwenye amonaiti na kuwauzia wageni. Nembo ya Whitby ina nyoka hao watatu.

Tulichookota ni kilicholala huru tu. Amonaiti zilizo ndani ya jabali na sakafu ya mwamba tuliziacha, maana sehemu hiyo inalindwa. Na kwa kuwa mpwa wangu alishaanza kuutaja mwamba wa Jurasiki wa upande wa Changamwe, nao una amonaiti, nilimwambia mapema: Kenya ina sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi. Kule unaanza na kibali, nyundo baadaye.

Nyumbani madonge yalilowekwa kwenye maji baridi yasiyo na chumvi, yakibadilishwa kila siku, kisha yakakaushwa kivulini. Chumvi ikiachwa hutengeneza fuwele na kuubandua uso. Vipande vya mwamba laini haviloweki, vinageuka tope. Viungo vilifungwa kwa supaglu nyepesi, kisha tope lililobaki likaondolewa kwa kalamu ya hewa inayoendeshwa na kompresa, ncha ikielekea nje ya kombe, siku zote. Siki sitaki kuiona karibu: inakula kalisaiti yenyewe. Mwishoni, mpako mwembamba wa Paraloid B-72, plastiki ya kuimarisha vitu vya kale, iliyoyeyushwa katika asetoni.

Hildoceras ilikuwa na ngozi ya pairaiti, madini ya chuma na kiberiti, kwa hiyo iliingia kwenye kisanduku chenye kifuniko pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu. Unyevunyevu ukizidi, pairaiti huoza: kwanza harufu ya kiberiti, halafu unga wa manjano na mweupe, halafu nyufa. Kila jiwe lilipewa namba kwa wino usiofutika sehemu isiyo na kombe, na namba hiyo ikaandikwa daftarini pamoja na jina, tabaka, mahali na tarehe, kwa sababu lebo za karatasi hupotea.