Klasi Yangu ya Kwanza Yenye Kazi

Mwaka 2009 ukame ulipunguza maji ya mabwawa yanayozalisha umeme, Nairobi ikaingia kwenye mgao. Kwetu Umoja stima ilikuwa ikipotea mchana na kurudi jioni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, najifundisha Java, lugha ya kuandikia programu, kwa kompyuta ya mtumba niliyonunuliwa na mjomba. Kwa kuwa mchana haikuwaka, programu zangu nilikuwa naziandika kwa kalamu kwenye daftari, usiku ndipo nazichapa. Hadi leo naamini daftari lile lilinifaa kuliko kibodi. Ukiandika kwa mkono, hakuna alama inayokupita bila kuiona.

Java niliipenda kwa sababu ya simu. Michezo iliyokuwa kwenye simu zetu za bei nafuu iliandikwa kwa lugha hiyo, ambayo Sun Microsystems ya Marekani iliitoa mwaka 1995 baada ya kazi ya James Gosling na wenzake. Nilitaka kujua inavyofanyika.

Kurasa nilizochapishiwa saiba zilianza na wanyama. Klasi ya Mnyama, yaani maelezo ya kitu na yale kinayoweza kufanya, halafu Mbwa anayebweka, halafu Paka anayelia nyau. Niliandika yote, kompaila, ile programu inayokagua na kutafsiri maandishi kwa ajili ya mashine, ikakubali, mbwa akabweka kwenye skrini. Lakini swali lilinikaa kooni: kazi ya mistari miwili, kwa nini niizungushie klasi?

Jibu lilikuja Jumamosi moja chama cha mama kilipokutana sebuleni kwetu. Mama alikuwa mweka hazina. Kila mwanachama alichanga shilingi 200 kwa wiki, na kitabu cha hesabu kilikuwa cheusi, kikubwa, kimefunikwa karatasi ya nailoni. Siku hiyo kilifunguliwa kwenye ukurasa wa mama mboga wa kona yetu. Penye salio palikuwa na 3,400, ila ile 4 ilikuwa imepitiwa kwa kalamu ikawa 6. Safu ya michango haikuwa na mia mbili yoyote mpya.

"Nililipa," akasema mama mboga. "Hukuwepo, nikaandikiwa hapo hapo."

"Kulipa sikatai, dada yangu," mama akajibu. "Ninachokataa ni mtu kugusa salio. Salio haliandikwi. Unaandika mchango, salio linatokea lenyewe."

Shosho mmoja, mkubwa wao kwa umri, akamuunga mkono: "Anayeweka aseme anaweka. Anayetoa aseme anatoa. Mengine kitabu kijimalizie."

Mimi nilikuwa kwenye meza ya chakula na daftari langu. Nikafungua ukurasa mpya, mkono ukitetemeka kwa hamu, nikaandika klasi ya Mwanachama. Ndani yake jina na salio, na mbele ya salio neno private, yaani la ndani, wa nje asiliguse. Kisha methodi tatu, yaani kazi ambazo klasi inaweza kufanya: weka, toa na somaSalio. Weka inakataa sifuri na namba hasi. Toa inakataa kuzidi kilichopo. Nayo somaSalio inaonyesha tu, haibadilishi kitu. Klasi ndiyo maelezo ya mwanachama yeyote yule, objekti ni mwanachama mmoja mmoja, kila mmoja na salio lake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba sizungushii mistari. Naweka pesa pamoja na sheria zinazoilinda, mahali pamoja, zisitengane. Mbwa na paka hawakuwa na kitu cha kulinda, ndiyo maana hawakunifundisha hili.

Baadaye nilisoma kwamba klasi na objekti zilianzia Norway miaka ya 1960, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipounda lugha ya Simula ili kuiga shughuli halisi ndani ya kompyuta. Haikunishangaza hata kidogo.

Stima iliporudi nikachapa. Faili nikaliita Mwanachama.java, maana Java inataka klasi ya wazi (public), inayoweza kutumiwa na klasi nyingine popote, na faili lake vilingane jina. Katika faili la pili nikamuunda mama mboga, nikamwekea 3,400. Kisha kwa makusudi nikaandika mstari huu:

mamaMboga.salio = 3600;

Kompaila ikagoma kabla programu haijaanza kwenda: salio has private access in Mwanachama. Nikamwita mama kutoka jikoni.

"Soma hapo, mama. Inasema salio ni la ndani. Wa nje haligusi."

Akainama kwenye skrini. "Hata wewe uliyeiandika?"

"Hata mimi, nikiwa nje ya klasi."

Akavuta kiti akakaa. Nikafuta mstari ule, nikaandika mamaMboga.weka(200), na 3,600 ikatokea. Mama akaniambia niingize wanachama wote. Akawa ananisomea kitabu jina kwa jina, mchango kwa mchango, hadi usiku mkubwa, huku akijumlisha pembeni kwa kalamu ili aone kama mashine inadanganya. Zililingana.

"Na faini ya wachelewaji iko wapi?" akauliza.

Haikuwepo. Nikaongeza methodi ya tozaFaini ndani ya Mwanachama, mara moja tu, na kila mwanachama tuliyekwisha kumuingiza akawa anaweza kutozwa, bila kugusa jina lake wala salio lake. Mama akataka nianze na yule shosho, aliyechelewa nusu saa siku hiyo.