Oslo hadi Bergen kwa treni: kaa kushoto

Ukipanda treni ya Bergen pale Oslo, mji mkuu wa Norwei, tafuta kiti cha dirishani upande wa kushoto, uso ukielekea mbele. Mimi nilikipata, mwanzoni mwa Juni. Sababu ya kukitaka ni Hardangerjøkulen, barafu ya mlimani isiyokwisha mwaka mzima, ambayo iko kusini mwa reli. Safari ni ya muda wa saa 7 hivi. Tiketi nunua wiki kadhaa kabla, maana bei hupanda kadiri siku inavyokaribia. Ratiba zote huandikwa kwa mtindo wa saa 24, hivyo 18:00 ni saa 12 jioni yetu, si saa 6.

Chakula funga mwenyewe, kama wafanyavyo Wanorwei: vipande vya mkate vyenye kitu juu, na karatasi katikati visigandane. Juu ya mkate weka brunost, jibini ya kahawia. Maji yanayobaki maziwa yakishagandishwa jibini huchemshwa kwa saa nyingi pamoja na krimu, mpaka sukari iliyomo igeuke rangi na kunukia kama shira. Hukatwa kwa randa. Ndiyo, randa: kifaa alichobuni seremala Thor Bjørklund mwaka 1925 kwa kufuata randa yake ya mbao. Atumiaye kisu hupata kipande kinene kinachonata kwenye kaakaa, kisha husema jibini ni mbaya. Maji usinunue, ya bombani ni salama. Ukinunua soda, chupa tupu irudishe kwenye mashine ya supamaketi, urudishiwe kroner (pesa ya Norwei) 2 au 3 ulizolipia chupa. Jumapili supamaketi nyingi hufungwa, na hapo ndipo wageni hushinda na njaa.

Misitu na mito ya mwanzo inapendeza, ila usiimalizie simu chaji hapo. Baada ya Geilo, iliyo mita 794 juu ya usawa wa bahari, miti inafupika; ukifika Haugastøl imekwisha. Halafu kituo cha Finse, mita 1,222. Barabara ya magari haifiki hapa. Asubuhi ile Oslo watu walivaa mashati mepesi. Finse ziwa lilikuwa bado limefunikwa barafu. Wengi hukosea kwa kuacha sweta ndani ya sanduku kubwa lililo mwisho wa behewa, kisha wakashuka na fulana ya pamba. Pamba ikilowa jasho haikauki upesi, na upepo ukipiga mwili unapoa mara moja. Inayogusa ngozi iwe sufu, juu yake sweta, na nje koti lisilopitisha upepo.

Kutoka Haugastøl hadi kijiji cha Flåm kuna njia ya baiskeli ya kilomita 80 hivi, iliyokuwa ya wajenzi wa reli hii (reli ilifunguliwa 1909). Usiipange kwa Juni. Theluji huweza kuiziba hadi Julai.

Kilele cha reli, mita 1,237, hutakiona kwa sababu kimo ndani ya handaki la zaidi ya kilomita 10. Mbele yake reli imeezekwa mapaa ya kuzuia theluji, kwa hiyo unainua simu, unabonyeza, unapata picha ya giza. Subiri behewa litoke kabisa.

Myrdal ndipo pa kubadili treni kwenda Flåm. Tiketi yake ni nyingine, na kiangazi hujaa. Asiyeweka nafasi hubaki kwenye kituo kisicho na mji. Ni kilomita 20 tu, ila kwenye miteremko mikali, kila mita 18 unashuka mita 1, kupitia mahandaki 20. Kiangazi treni husimama kwenye maporomoko ya Kjosfossen kwa dakika chache. Manyunyu hufika hadi jukwaani, basi funika kamera.

Flåm iko kwenye fjord, yaani hori la bahari ndani ya bonde lililochongwa na barafu. Maji yanafanana na ya ziwa, lakini ni ya chumvi. Boti ya kwenda Gudvangen huchukua saa 2 na kupita Nærøyfjord, ambayo mahali pembamba kabisa ina upana wa mita 250 hivi. Kaeni nje, hata kukiwa na baridi. Kioo kinaharibu kila kitu. Kisha basi hadi Voss, na treni tena hadi Bergen.

Bergen ni mvua. Mwavuli unapinduliwa na upepo, kwa hiyo koti la mvua lenye kofia ndilo linalofaa. Pale Bryggen, nyumba za mbao za wafanyabiashara wa zamani zimeinamiana kama wazee wanaonong'onezana. Utajiri wake ulitokana na samaki wakavu wa kaskazini. Tofauti na ng'onda wetu, hawa hawatiwi chumvi: hutundikwa penye upepo wa baridi hadi wawe wagumu kama ubao. Kabla ya kuwapika huwaloweka siku kadhaa, wakibadilisha maji.