Hawakuelewa, Lakini Walisikiliza

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii moyo wangu umelemewa kwa ajili ya vijana wetu wa kipaimara hapa Mbagala. Jumamosi niliwagawia vipande vya karatasi, kila mmoja aandike yeye ni nani. Wengi walibaki wanatafuna kalamu. Binti mmoja aliandika, akafuta, akaandika tena, akafuta, mpaka karatasi ikatoboka. Kijana wa kidato cha pili akaandika mstari mmoja tu: "Mimi ni yule asiyefanana na kaka yake."

Maneno hayo hakuyatunga. Ameyasikia nyumbani.

Mwanasaikolojia Erik Erikson alifundisha kwamba kuanzia miaka 12 hivi hadi 18, swali kubwa la mtu ni "mimi ni nani?" Yeye mwenyewe alikulia kwa baba wa kambo, wala hakumjua kamwe baba yake mzazi. Kijana wako leo anataka kwaya, kesho mpira, keshokutwa hataki kuongea na mtu. Anajitafuta. Si kila badiliko ni pepo la kukemewa.

Yesu alikuwa na miaka 12 alipobaki hekaluni Yerusalemu, wazazi wake wakirudi nyumbani bila kujua. Mariamu alikuwa na uchungu, na aliusema: "Mwanangu, mbona umetutenda hivi?" Aliuliza, naye Yesu akamjibu kwamba imempasa kuwamo katika nyumba ya Baba yake. Luka anatuambia wazi kwamba yeye na Yusufu hawakuelewa neno lile. Hata hivyo Mariamu hakumtangaza mwanawe kuwa mkaidi kwa msafara mzima. Aliyaweka yote moyoni. Naye Yesu akashuka nao Nazareti, akawatii. (Vijana, hilo nalo mlisome.)

Sisi je? Mtoto akijibu tusivyotarajia, tunamwita kichwa maji mbele ya wageni. Tunamlinganisha na mtoto wa jirani aliyepata Divisheni Wani. Wazazi wenzangu, hiyo ni dhambi, tuitubu. Paulo aliwaandikia Wakolosai: "Msiwachokoze watoto wenu, wasije wakakata tamaa." Nimewaona waliokata tamaa. Wanakaa benchi la nyuma, wanaimba midomo tu.

Mama, baba, leo jioni zima televisheni. Muulize mwanao anawaza nini siku hizi, kisha mwache amalize, usimkatize kwa mahubiri. Akisema jambo usilolielewa, lipeleke kwa Bwana kwa magoti kabla hujalipeleka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.